Ndege Zile Kumbe ni Nyekundu

Kisumu, Alhamisi usiku

Mdogo wangu,

Kabla sijakusimulia safari, wacha nikutolee hii iliyonijaa kifuani tangu jana jioni: zile ndege za gemu letu ni nyekundu. Zile zilizokuwa zikija kwa mstari, zikizunguka kama kunguru juu ya jaa, wewe ukiziita "za zawadi". Ni nyekundu, tena nyekundu ya pilipili iliyoiva. Miaka yote ile tumezipiga kwenye tivi ya baba, Great Wall ya inchi 14, ile ya rangi mbili, nasi tukidhani vita vilipiganwa kwa kijivu. Jana nimeziona kwa macho yangu hapa Obunga, ndani ya banda la mabati, nikaduwaa na pedi mkononi mpaka nikapigwa.

Nianze mwanzo. Nilipanda treni ya Madaraka hadi Nairobi, nikalala kwa shemeji kule Umoja, asubuhi nikachukua basi. Kericho kulikuwa na baridi na majani ya chai pande zote mbili za barabara, yamekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Baada ya hapo unateremka, Awasi, Ahero, mashamba ya mpunga, na joto linakupokea mlangoni. Joto la ziwa si kama letu la pwani. Letu lina upepo wa kukupa pole, hili linakaa na wewe kwenye kiti.

Kazi iliyonileta ni mashine ya barafu ya wauza samaki iliyokataa kugandisha. Nimeifungua nikakuta gesi imevuja kwenye kiungo na kompresa imechoka. Spea inatoka Nairobi, haijafika, ndiyo maana nimepata jioni mbili za kutembea. Kijana anayenisaidia kazi anakaa Obunga, akaniambia nikirudi Mombasa bila kula mgongo wazi nitakuwa sikufika Kisumu.

Obunga iko kaskazini ya katikati ya mji, jirani na Nyawita na Kondele. Pua ndiyo itakayokwambia umefika. Akina mama wamepanga makarai makubwa kando ya njia, mafuta yanachemka, moshi wa kuni umepaka mabati rangi ya kahawa. Mgongo wazi ni mbuta aliyekwisha kuvuliwa minofu kiwandani, akabaki kichwa, uti wa mgongo na mkia. Mbuta mwenyewe ni mgeni ziwani, alitiwa miaka ya 1950 na 1960, akawala samaki wengi wenyeji, kisha vikaja viwanda vya kumkata na kumsafirisha. Minofu hupanda ndege kwenda ng'ambo, mgongo hubaki Obunga, na akina mama wa hapa wameugeuza kitoweo, biashara na karo ya watoto. Nimekula kwa ugali wa mtama. Unavunja mbavu moja moja, unanyonya nyama iliyojificha kati ya miiba, ukifika kichwani unanyamaza kwanza. Yule mama aliyeniuzia aliniongeza kipande na kuniambia "chiem", yaani kula. Nikala.

Basi nilikuwa naosha mikono pale kwa mama ndipo nikasikia ule mlio. Pi-pi-pi, pi-pi-pi, halafu kama filimbi ya refa aliyekasirika. Mdogo wangu, nywele zilinisimama. Zaidi ya miaka ishirini sijausikia, na mwili uliujua kabla ya kichwa.

Banda liko nyuma ya makarai. Mbele kuna skrini mbili bapa za vijana wa mpira, kelele tupu. Kwenye kona, juu ya kreti la soda, kuna tivi ya kichogo, na chini yake ile mashine yetu. Ndiyo yenyewe, ile nakala ya Family Computer ya Nintendo. Ya asili ilitoka Japani mwaka 1983, sisi tukaletewa nakala zake sokoni miaka ya tisini na hatukuwahi kuiona ya asili. Plastiki imekuwa njano. Kaseti imeandikwa kwamba ina maelfu ya gemu, na wewe unajua ilivyo: gemu ni zile zile chache zinazojirudia. Mwenye banda ni fundi wa redio, mtu wa makamo. Anasema mwaka 2015, matangazo ya analogi yalipozimwa, watu walimletea tivi za kichogo hata bure, akabakiza moja kwa ajili ya watoto wasio na shilingi ishirini za mpira. Kwenye kona ni shilingi tano, ndege tatu. Zikiisha, unampisha mwenzio.

"Omera, hiyo ni ya watoto," akaniambia.

Nikamwambia hiyo ndiyo niitakayo, nikaingia foleni nyuma ya watoto wanne.

Gemu lenyewe, kama umesahau jina, ni 1942. Nambari tupu. Kampuni ya Capcom ya Osaka ililitoa mwaka 1984 kwa zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, na mwaka 1985 kampuni nyingine ya Kijapani, Micronics, ikalihamishia kwenye mashine ya nyumbani. Aliyelibuni ni Yoshiki Okamoto, aliyezaliwa 1961, vita vimeisha miaka 16. Na hapa kuna jambo ambalo tulipokuwa watoto hatukuliona: ndege tunayoendesha ni ya Marekani, P-38, ile ya mikia miwili, na tunaelekea Tokyo kuangusha ndege za Wajapani. Wajapani ndio waliotengeneza gemu la kuwapiga Wajapani. Nimekaa nalo hilo usiku mzima na bado sijajua niliweke wapi.

Sasa nikwambie uzuri wake, maana tulikuwa tukilicheza tu, hatukuwahi kuliangalia.

Hakuna cha kufundishwa. Bahari inateremka chini yako, wewe unapanda, ndege zinakuja, unapiga. Mtoto wa miaka mitano pale bandani alisimama nyuma ya wenzake dakika mbili, zamu yake ikafika, akacheza. Magemu ya siku hizi ya mpwa wetu kwenye simu huanza kwa kukueleza robo saa nzima bonyeza hapa, bonyeza pale. Hili linakuheshimu, linakuacha uone mwenyewe. Nawe ukifa unajua kwa nini, isipokuwa kwa ile dosari moja nitakayokuja kuisema.

Halafu ile pinduka. Unakumbuka, ndege inajipindua juu kama samaki anayeruka, ikiwa kule juu hupigwi wala hupigi, kisha inarudi mahali pake. Unapewa tatu tu, zimeandikwa pembeni kwa herufi R. Kwangu mimi hili ndilo wazo bora kuliko yote katika gemu hili, na ningemshika mkono yule Okamoto kwa hili peke yake. Kila mara ndege zinapokuzonga kidole kinawasha, na kila mara unajiuliza: hii ndiyo, au kuna mbaya zaidi mbele? Wewe ulikuwa unazitumia zote tatu mapema ukabaki kulia. Mimi nilikuwa nazificha mpaka nakufa nazo mfukoni. Hatukuwa tukicheza gemu moja, kila mmoja alikuwa akicheza tabia yake.

Na zile nyekundu. Uliangushe kundi zima, usibakize hata moja, ndipo inaanguka ile POW ya zawadi: risasi za kuzidisha, au ndege ndogo mbili za kukusindikiza ubavuni, au skrini kusafishwa yote. Zinapita pale ambapo si salama kuzifuata. Ukitaka zawadi unatoka mahali pako pazuri unakwenda mdomoni mwa risasi. Sisi hatukuwa na rangi, tulizitambua kwa mwendo wake, kwa vile zinavyoshikana kama watoto wa nasari barabarani. Jana nilipoziona nyekundu nikaona ni rahisi mno, kama mtu aliyefunuliwa jibu. Sikwambii kwamba Great Wall ya baba ilikuwa bora. Nakwambia tulijifunza kutazama mwendo kwa sababu rangi tulinyimwa, na hadi leo mimi kompresa mbovu naijua kwa mtikisiko wake kabla sijaweka geji.

Zamu yangu ya kwanza sikufika mbali. Ya pili nilikaa na bingwa wao, binti wa miaka kama kumi, sare ya shule bado mwilini, mama yake ni yule wa karai. Anashika pedi juu ya magoti, haegemei kiti, na haangalii ndege yake kabisa. Macho yake yapo robo tatu ya skrini, mbele.

"Anko, usikae chini kabisa," akaniambia. "Ile kubwa hutoka nyuma."

Kweli. Ile ndege pana ya kijani inayoibuka chini ya skrini, mgongoni kwako. Miaka ishirini imepita nami nilikuwa nimeisahau, ikanigonga. Akanionyesha mahali pa kukaa, upana wa kidole kimoja juu ya ukingo, katikati, unasogea nusu hatua kushoto, nusu hatua kulia. Risasi nyingi zinalengwa pale ulipo wakati zinapofyatuliwa, hivyo hakuna haja ya kukimbia, unahama kidogo tu zinapita. Wanaokimbia skrini nzima ndio wanaokufa. Nilimwangalia akifanya hivyo kwa muda mrefu, bega halitikisiki, ni kidole gumba tu.

Sasa dosari, na ya kwanza ndiyo ile niliyokuahidi. Unakumbuka tulivyogombana, wewe ukiapa kwamba umepigwa na kitu ambacho hakikuwepo? Nakuomba radhi. Ulikuwa unasema kweli. Mashine ile inaweza kuchora vipande 8 tu vya picha zinazotembea katika mstari mmoja wa mlalo wa skrini, na kila kipande upana wake ni nukta 8. Ndege ndogo inakula vipande viwili kwa upana. Ndege nne zikijipanga sawasawa, nafasi imejaa, na risasi inayopita kwenye mstari huo haina pa kuchorwa. Kwa hiyo vitu hupeana zamu ya kuonekana, ndiyo maana vinapepesa. Ni kama transfoma ndogo ya kijiji yenye nyumba nyingi: taa ya jirani ikiwaka, yako inazima. Micronics nao hawakuifanya kazi kwa uangalifu, ndege zinakwenda kwa kustukastuka. Gemu linalokutaka ukwepe risasi halina haki ya kukuficha risasi. Hili silisamehe.

Yule binti yeye amelisamehe. Nilipolalamika akasema, bila kugeuza shingo, "Risasi haipotei, anko. Imejificha. Hesabu pale itakuwa." Naye anahesabu, mdogo wangu. Nimemwona akikwepa kitu ambacho mimi sikukiona hata kidogo.

Dosari ya pili ni urefu. Hatua ni 32, zinahesabiwa kurudi nyuma, na ukishaona sita au saba umeona karibu zote. Bahari, kisiwa, bahari. Ndege ndogo, ndege ya kati, ile kubwa inayomeza risasi kama mbuta anavyomeza fulu. Ugumu unaongezwa kwa kuongeza idadi, si kwa kuleta jambo jipya. Wenyewe wa Capcom waliliona, maana mwaka 1987 walitoa 1943, lenye manowari kubwa za kupambana nazo, na watu wawili wanacheza pamoja kwa wakati mmoja badala ya kupokezana. Hilo la kupokezana kwenye 1942 lilitugharimu mimi na wewe ngumi ngapi? Ila pale Obunga nimeona upande wake wa pili: kwa shilingi tano na foleni ya watoto wanne, kupokezana ndiko kunakofanya banda liwe banda. Anayesubiri anatazama, na anayetazama anajifunza. Hakuna aliyekaa bure.

Dosari ya tatu ni ule mlio, na hapa nitamtaja babu.

Unakumbuka siku ile alipokuja kukaa kwetu likizo ya Desemba, akakaa nyuma yetu na kikombe chake cha kahawa? Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki. Alitazama kitambo, kisha akasema: "Ndege huisikia kwanza, ndipo ukaiona. Hizi mnaziona tu." Akanywa kahawa yake. Babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza, alikwenda Burma mwaka 1944 na kikosi cha Afrika Mashariki, wakashuka na bonde la Kabaw katika mvua kufukuzana na Wajapani. Maneno yale ndiyo mengi zaidi aliyowahi kutuambia kuhusu Burma, na alitwambia kwa sababu ya gemu.

Nimelifikiria jana nikiwa na pedi mkononi. Babu alikuwa ametoa hukumu sahihi kuliko fundi yeyote wa gemu. Mlio wa 1942 ni ule ule mwanzo hadi mwisho, ndege ikitoka mbele, ikitoka nyuma, ikiwa moja, zikiwa kumi. Haukwambii kitu. Ile kubwa ya kijani inaibuka mgongoni kimya. Lau wangeipa mngurumo wake, hata sekunde moja kabla ya kutokea, lingekuwa gemu jingine kabisa, ungecheza kwa masikio pia. Badala yake watoto wa Obunga wanaomba fundi apunguze sauti, na fundi anapunguza.

Na mwaka wenyewe, 1942. Tulikuwa tukiutamka kila siku bila kujua ni wa kwetu. Mwaka ule, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon mwezi wa Aprili, manowari za Waingereza zilirudi nyuma zikafanya Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, kuwa makao yao. Unaijua Allidina Visram, ile shule tuliyokuwa tukipita mbele yake kwa baiskeli? Humo ndimo Waingereza waliwaweka watu wao wa kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Mwezi wa Mei nyambizi ndogo ya Wajapani iliingia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, ikapiga meli, na Septemba KAR wakapigana huko huko Madagaska na Wafaransa wa Vichy. Vita vile vilikuwa mlangoni petu, nasi tulikuwa tumekaa kwetu Changamwe tukidhani ni jambo la Midway, kule Pasifiki, na Tokyo. Simlaumu aliyetengeneza gemu, yeye alikuwa na bahari yake. Nasikitika tu kwamba mimi na wewe tuliujua mwaka huo kwa ndege za kijivu, na babu amekaa nyuma yetu, na hatukumwuliza la pili.

Leo jioni nilirudi tena. Kabla ya banda nilisimama kidogo kuangalia ndege ikishuka uwanjani, chini kabisa, taa zimewashwa, ziwa nyuma yake limekuwa shaba. Miaka ya 1930 ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitua papo hapo juu ya maji, zikitoka Uingereza. Nikawaza gemu la namna ile la ziwa hili, visiwa, magugu maji, mashua za omena zenye taa usiku. Nikaingia ndani.

Binti alikuwa amefika mbali kuliko nilivyowahi kufika, hatua ishirini na kitu zimepita, watoto wamejaa mpaka mlangoni, hata wale wa mpira wamegeuka. Alikuwa na ndege moja na R mbili. Mama yake aliingia kumwita, akakuta watu wamekaa kimya, naye akasimama na mwiko wake. Risasi zikaja kutoka pande mbili. Nikasema moyoni, pinduka sasa. Hakupinduka. Alisogea upana wa kidole zikapita, akashuka kwenye meli ya kubebea ndege, ikaja hesabu ya asilimia ya ndege alizoangusha.

Hapo stima zikapotea.

Nilidhani atalia. Gemu lile haliweki kumbukumbu, stima zikipotea umerudi mwanzo kabisa. Fundi akawasha tochi ya simu, akatoa kidaftari, akaandika hatua aliyofikia na tarehe, na mama mtu akasogea kuangalia kama imeandikwa sawasawa. Wana kidaftari, mdogo wangu! Kile ambacho mashine haiwezi wanakifanya kwa kalamu. Kisha binti akachukua begi lake la shule, wakatoka wote kwenda kumalizia samaki.

Nilimwomba fundi aniuzie kaseti, akakataa kwa heshima, nami nikaona amefanya vizuri. Kwa hiyo nakuomba: ingia chumba cha mama, chini ya kitanda, kwenye lile sanduku la bati la babu. Yetu iko humo, imefungwa kwa mfuko wa supamaketi ya Uchumi. Usiipulize kwa mdomo, mate yanakula shaba. Ifute kwa pamba na spiriti. Kwa ile mashine tafuta waya wa AV, rangi nyeupe na njano, tivi mpya ya mama ina matundu yake kwa nyuma. Na mle sandukuni kuna karatasi za babu za jeshi, usizitupe, ziweke kando kavu tuzisome pamoja.

Spea ikifika kesho nitaondoka Jumamosi, Jumapili jioni niko nyumbani. Nimemnunulia mama omena kavu kilo mbili. Mwambie zinataka nyanya nyingi na moto mdogo.

Kaka yako